Bega la Mtu Usiyemjua

Alikuwapo seremala aliyeitwa Mbonea, ambaye hakuwa na ng'ombe wala nyumba ya bati, ila alikuwa na toroli. Alilichonga mwenyewe kwa mti wa mringaringa, kuanzia gurudumu hadi mishikio, na hakuna mkono mwingine uliopigilia hata msumari mmoja. Kwa toroli hilo alihamia milimani na mkewe Nakijwa, vyombo vyao vyote vikiwa ndani, naye akisukuma peke yake kutoka bondeni mpaka juu. Watu waliokutana naye kwenye mpando walitaka kumsaidia kusukuma. Aliwajibu kwa adabu na kwa tabasamu: "Najiweza." Neno hilo alilitumia kama wengine wanavyotumia kofuli, na kila alipolitamka mlango ulifungwa.

Tusimhukumu upesi. Mbonea hakuzaliwa na shingo ngumu. Alikuwa yatima, akalelewa kwa baba yake mdogo, na katika nyumba ile chakula kililiwa mara mbili, kwanza kwa mdomo, kisha kwa masikio. Alikula ugali mchana, jioni akausikia ukisimuliwa kwa wageni. Huyu tumemlisha sisi. Kaptura hiyo aliyovaa ni yetu. Kama si sisi angekuwa anaokota makapi. Wageni walimtazama, naye alitazama sakafu. Alipopata akili ya kuondoka, aliondoka na kiapo kwamba hatapokea tena kitu ambacho kesho kitageuka masimango. Kiapo hicho alikitunza kuliko baadhi yetu tunavyotunza ndoa. Kosa lake ni kwamba aliifanya dunia yote kuwa nyumba ya baba yake mdogo.

Huko milimani zahanati ilikuwa ng'ambo ya pili, ukishavuka mgongo wa mlima na mto ulio chini yake, na gari halikufika. Mgonjwa alibebwa kwa machela, yaani blanketi lililofungwa kwenye mpiko, mti mrefu ambao mmoja huushika mbele na mwingine nyuma. Na watu wa huko walikuwa na desturi yao. Ukikutana na machela njiani, unageuka. Uwe unakwenda sokoni, uwe umechelewa harusi, unatua mzigo wako kando ya njia, unamsogelea mbebaji aliyechoka na kumuuliza, "Bega lipi?" Yeye hujibu kulia au kushoto, mpiko unahama, safari inaendelea. Huulizi mgonjwa ni nani, wala ni wa ukoo gani. Hakuna anayemshukuru mwenzake, maana watu wakianza kushukuriana njiani mgonjwa atawafia wakiwa kwenye shukrani. Wakifika, mpiko huegemezwa kwenye ukuta wa zahanati pamoja na mingine, na mwenye kurudi na mtu wake huchukua wowote ulio karibu. Mipiko ile haikuwa na mwenyewe.

Mbonea aliiona desturi hiyo mapema tu baada ya kuhamia, na ikamtia hofu. Hakuwa mvivu, na mgongo wake ulikuwa na nguvu kuliko migongo mingi ya pale. Lakini aliwaza hivi: nikitoa bega leo, nitakuwa nimefungua hesabu na watu hawa, na kesho watataka nami nipokee la kwao, na nikishapokea watakuwa na la kunisimulia. Basi kila aliposikia vishindo vya machela inakuja, aliingia kwenye mahindi au akashika njia ya juu, akasubiri ipite. Watu walimwona. Si rahisi kumficha mtu mzima katika mahindi yaliyofika kiunoni. Walitaniana kidogo juu yake, wakampachika jina la Bwana Toroli, kisha wakamwacha. Milango aliwatengenezea vizuri, vitanda vyake havikulia, na kwao hayo yalitosha kumwita jirani.

Nakijwa ndiye aliyepata taabu. Alikuwa mtu wa watu, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, na mumewe alimfunga kwa kiapo ambacho hakuwahi kukila. Akiletewa mchicha na jirani, aliambiwa arudishe. Akiombwa chumvi, aliambiwa atoe lakini asisubiri chochote. Alivumilia kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alijua habari za nyumba ile ya baba mdogo. Usiku mume wake alipoota anakula, aliamka akiomba radhi. Mwanamke aliyesikia hayo gizani angemnyang'anyaje kofuli lake?

Walikaa miaka mingi bila mtoto, kisha Nakijwa akapata mimba. Furaha ya Mbonea ilikuwa ya kimyakimya lakini haikufichika. Alichonga kitanda kidogo, kisha akalitengeneza toroli upya. Akaliwekea ubao mrefu wa kulalia, akapaka gurudumu mafuta, akatandika nyasi na juu yake godoro la pamba. Alimwonyesha mkewe kazi ile akamwambia kwamba siku ikifika hatahitaji bega la mtu. Nakijwa alilipapasa godoro, akasema ni laini. Alitaka kusema na jambo jingine, lakini alimwona mumewe anavyomeremeta, akaliacha.

Siku ilifika katika masika. Uchungu ulianza alfajiri, na haukwenda kama uchungu unavyotakiwa kwenda. Mkunga wa kijiji alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka pale, mama mzima ambaye angekuja akikimbia. Mbonea hakumwita. Alisema mambo yatakaa sawa. Jua lilipopanda juu ya miti, aliona damu ambayo hata mwanamume asiyejua lolote huitambua, akamnyanyua mkewe, akamlaza kwenye toroli, akamfunika blanketi na turubai, na akatoka akisukuma.

Alisukuma kwa nguvu zake zote, na hilo lazima tuliseme. Hakuna aliyewahi kumpenda mkewe kuliko alivyompenda yule mtu siku ile. Lakini njia ya mlimani ilikanyagwa na miguu. Ilikuwa na mizizi, na ngazi za mawe, na mahali pembamba ambapo wabebaji hupita mmoja nyuma ya mwingine, na haikuwahi kuumbwa kwa ajili ya gurudumu. Kila jiwe alilolipanda lilipita kwenye mti, kwenye mikono yake, na kwenye mwili wa Nakijwa. Alipunguza mwendo ili asimtikise, akiona damu akaongeza, akimsikia anaguna akapunguza tena.

Kabla hawajafika juu ya mgongo wa mlima walikutana na kina mama waliokuwa wanarudi na kuni. Wakaelewa kwa kutazama mara moja. Walitua kuni matopeni, mmoja akaanza kufungua kanga yake kiunoni ili aikunje iwe kinga ya bega, na mwingine akauliza, "Bega lipi?"

"Najiweza," Mbonea alisema, na hakusimama.

Walimfuata kidogo, wakidhani hakusikia. Yule mwenye kanga alisema kwamba mkato wa chini ungewafikisha mapema, kwamba machela hupita pale lakini toroli haliwezi, kwamba blanketi analo tayari na mti watakata hapo hapo. Aliwashukuru, akawaomba wasijisumbue. Walibaki wamesimama kwenye mvua iliyokuwa inaanza, mikono yao ikiwa tupu, wakimtazama akishika njia ndefu.

Upande wa pili wa mgongo, kwenye mteremko, walikuwapo wapasua mbao na msumeno wao mkubwa. Hao walimjua, maana aliwahi kufanya nao kazi, na hawakuuliza hata bega. Walilishika tu toroli, huku na huku, ili walinyanyue juu. Hapo Mbonea alikuwa mkali. Aliwatoa mikono, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeondoa kupe kwenye mbuzi wake. Wakarudi nyuma kwa aibu, kama kwamba wao ndio waliokosa. Mtu akikataliwa wema, mara nyingi hujiona mwizi.

Nakijwa alifumbua macho wakati ule. "Mbonea," alisema, "nimechoka."

Alimsikia. Alisimama, akamrekebishia godoro, akamfunika miguu iliyokuwa imelowa, akamwambia atakwenda taratibu zaidi. Hakuelewa alichoambiwa, au alikielewa na kiapo chake kikamziba masikio. Kati ya hayo mawili mimi sijui lipi, na nadhani hata yeye hakuwahi kujua.

Wakafika mtoni mchana mvua ikiwa imekolea. Mto ulikuwa umejaa na mawe ya kuvukia yalikuwa chini ya maji. Mbonea aliingia akisukuma. Katikati gurudumu la mringaringa, kazi ya mikono yake, liliingia kati ya mawe mawili na kukwama. Alilivuta. Alilisukuma. Likapasuka katikati, toroli likalala ubavu, na maji ya matope yakaanza kulipanda godoro. Alijitia chini yake, akaliinua kwa mgongo na kwa mikono yote miwili, na akabaki hapo, maji yakiwa kiunoni. Mbele hakuweza kwenda. Nyuma hakuweza kurudi. Mkono mmoja ukiachia, mkewe anaondoka na maji.

Ng'ambo walitokea watu waliokuwa wanapeleka ndizi sokoni, mikungu ikining'inia kwenye mti kati ya mabega yao. Hakuwajua, nao hawakumjua. Yule wa mbele alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya pama iliyochoka. Alitazama mtoni, akainama, na mikungu ya ndizi ikaenda chini kama takataka. Mti ukabaki mtupu mkononi mwake. Alikwisha kuingia majini alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Bega lipi?"

Mbonea alifungua mdomo na neno lake halikutoka. Lililotoka ni lile lililokuwa chini yake siku zote. Alisema, huku mvua na machozi vikimwendea pamoja usoni, "Sijawahi kumbeba mtu wenu hata mmoja."

"Ndugu yangu," yule mtu alijibu, "hatukuuliza umembeba nani. Tumeuliza bega lipi."

Basi alijibu Nakijwa, kutoka ndani ya toroli, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini wote waliisikia.

"Yote mawili," alisema.

Wakamvusha. Walilifunga blanketi kwenye ule mti uliokuwa umebeba ndizi na wakapanda naye ukingo wakikimbia, mwendo ambao toroli halikuwahi kuuota. Njiani walikutana na watu, na watu wakageuka, na wengine wakageuka tena, kila mmoja akiuliza swali lile moja, hata machela ikawa inakwenda yenyewe juu ya mabega ya wageni. Mbonea alikimbia nyuma yao bila kushika chochote. Hakuwahi kutembea mikono mitupu tangu utoto wake, na hakujua aiweke wapi.

Zahanati walimpokea upesi. Mtoto alitoka hai, msichana, mdogo, mwenye hasira na dunia. Mama yake alimsikia akilia, akageuza uso upande wa sauti, na damu ilikuwa imekwisha kwenda nyingi mno. Alikata roho kabla mvua haijakatika. Muuguzi alinawa mikono muda mrefu, akasema bila kumtazama mtu, kama wanavyosema wauguzi kila mahali, "Mngewahi kidogo tu." Hakukusudia kumlaumu yeyote. Hakujua habari za kina mama wa kuni, wala za wapasua mbao, wala za mkato wa chini. Aliyejua alikuwa mmoja, naye alikuwa ameketi sakafuni.

Kisha muuguzi akamletea mtoto, amefungwa kitenge, akamwambia kwamba anataka kunyonya.

Mbonea alimpokea. Lile neno likapanda mpaka ulimini, kwa mazoea tu, kama mkono unavyopapasa mfuko uliokwisha kutoboka. Akamtazama mtoto. Akatazama mikono yake mwenyewe, mikono ya seremala, iliyojua kuchonga mlango na kitanda na gurudumu. Hakukuwa na kitu ndani yake ambacho mtoto yule angeweza kukinyonya. Kwenye benchi alikaa mwanamke aliyemleta mwanawe kupimwa, mwenye mwili mnene na macho ya usingizi, mtu ambaye Mbonea hakuwahi kumwona. Alifungua upande mmoja wa gauni lake na kunyoosha mikono. Mbonea akavuka chumba kile kidogo, na njia ile ilikuwa ngumu kuliko mlima aliotoka kuushuka, akamweka binti yake katika mikono ya mgeni.

Nakijwa alirudishwa juu kwa machela, na mpiko ulichukuliwa pale ukutani. Katika desturi ya huko mfiwa hapewi mti. Alitembea nyuma. Njia nzima aliwasikia watu wakitua mizigo yao, na wakiuliza. Bega lipi. Bega lipi. Walikuwamo na kina mama wa kuni, ambao safari hii hawakumwuliza yeye chochote, walikwenda moja kwa moja kwa wabebaji. Bega alilolikataa kwa ajili ya mke aliye hai, alilipokea kwa ajili ya maiti yake.

Baada ya matanga alikaa akisubiri. Alijua masimango yanavyokuja. Huanza kwa mzaha, kisha kwa wageni, kisha kwa mdomo wazi. Mtoto alinyonyeshwa na jirani mwenye kichanga, na Mbonea alimpeleka na kumfuata kila siku akiwa amejikaza, akisubiri kusikia mama yule akimwambia mtu kwamba bila titi lake mtoto huyu angekufa. Hakusikia. Mama alimwambia tu kwamba binti anauma. Alisubiri mkunga aseme kwamba hakuitwa. Mkunga alileta dawa ya chango na kuuliza kama paa la nyumba bado linavuja. Siku moja alibeba mkungu wa ndizi kichwani, akavuka mto, akamtafuta yule mtu mrefu mpaka akampata kwake, akamnyooshea ule mkungu. Alikuwa amekuja kulipa na kuondoka na mzigo mwepesi. Yule mtu hakukumbuka hata ndizi zipi. Alifikiri ni zawadi. Aliupokea kwa mikono miwili, akacheka, akamwita mkewe atoke aone walicholetewa, akamlazimisha mgeni aingie ndani ale. Hakukuwa na hofu yoyote usoni mwake. Mbonea alikuwa hajawahi kumwona mtu akipokea kitu namna ile, na alipokuwa anarudi alikaa kwenye jiwe kando ya mto akalia kwa sauti.

Toroli lake lilikuwa pale pale, limebanwa na mawe. Watu walikuwa wamelaza mbao zake juu ya mawe ya kuvukia, na sasa walivuka bila kulowa.

Tangu hapo aligeuka kila alipokutana na machela, na bega lake la kushoto likaota sugu. Alifika hata mahali pa kula kwa majirani bila kuuliza atalipa nini. Lakini msinielewe vibaya, kwamba mambo yalimwendea vizuri. Binti yake alikua na kicheko kile kile cha karibu, na kila alipocheka, mtu mmoja katika kijiji kile alianza kumsimanga Mbonea. Walikuwako kina mama, alimwambia. Walikuwako wapasua mbao. Walikwisha kulishika toroli, ukawatoa mikono. Alimsimanga asubuhi na alimsimanga usiku, mbele ya wageni na faraghani, na hakuchoka mpaka kaburini. Masimango aliyoyakimbia maisha yake yote yalimpata hatimaye, na aliyeyatamka alikuwa yeye mwenyewe.

Nanyi mliopita njiani leo mkiwa mmelemewa, mtu msiyemjua akawauliza bega lipi, mkamjibu kwamba mnajiweza, semeni kweli: mlikuwa mnamlinda nani, na ni nani aliyekuwa amelala ndani ya toroli?